UZI: Mwiba wa samaki ukinyamaza kooni, usidhani umeshuka

Muuguzi_Kisiwani

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila samaki wanapokuwa wengi hapa Pemba tunapokea watu wenye miiba kooni, na walio wengi wanafika wamechelewa. Si kwamba hawakujua. Walijua pale pale kwenye sinia. Wakameza tonge la wali bila ya kulitafuna, halikusaidia. Wakameza ndizi, wakanywa siki, maumivu yakapungua, wakalala. Wanatujia baada ya siku kadhaa shingo imevimba na mate hayamezeki. Ukiwauliza walikuwa wapi siku zote hizo, jibu ni moja: "Ulinyamaza, nikajua umeshuka."

Maumivu kupungua si ushahidi kwamba mwiba umetoka. Hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Ile miiba midogo, kama ya dagaa, mara nyingi hushika juu: kwenye tonsesi, kwenye shina la ulimi, au kwenye vijishimo vilivyo pembeni ya koromeo. Hiyo ndiyo ya heri. Mgonjwa anakaa, anafungua mdomo, ulimi unashikwa kwa shashi, tabibu anamulika na kuuchomoa kwa koleo. Mtu anarudi kwake anacheka. Lakini mwiba mrefu na mgumu, wa changu au chewa, ukipita hapo unakutana na mlango wa umio, yaani njia ya chakula ya kwenda tumboni, kwa mtu mzima kama sentimita 15 kutoka kwenye meno ya mbele. Pale pana msuli unaobana muda wote na kufunguka tu mtu anapomeza. Hakuna pembamba kuliko hapo katika umio wote, na ndipo vitu vingi vinapokwama.

Sasa fikiria mwiba umekaa kitako pale, ncha imegusa ukuta, halafu unateremshiwa tonge kavu la wali na msuli unalikamua. Tonge ni nyundo na mwiba ni msumari. Nyuma ya ukuta ule upo uti wa mgongo, mbele ipo njia ya hewa, pembeni ipo mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, na chini kidogo, ndani ya kifua, umepita mshipa mkuu unaotoka moyoni. Ukizama mzima ndani ya nyama, hauchomi tena unapomeza. Hapo ndipo unaponyamaza.

Siki na ndimu hazifanyi kitu. Mfupa hulainika ukilowekwa muda mrefu, na siki inapita kooni kwa nukta moja tu. Inachofanya ni kuunguza pale palipokwisha kukwaruzwa. Kutia kidole ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu unasukuma bila ya kuona na unajitapisha.

Ukipaliwa na mwiba: acha kula hapo hapo. Kohoa na teme. Sukutua kwa maji ya vuguvugu ukipenda. Muombe mtu akumulike kwa tochi ya simu, na kama unaonekana wazi juu kabisa, ncha imejitokeza na unashikika, utolewe taratibu kwa kibano safi. Kama hauonekani, usihangaike. Nenda kituo cha afya, na nenda na njaa yako, maana ikihitajika nusu kaputi watataka tumbo tupu.

Na dalili hizi hazingoji asubuhi: kushindwa kumeza mate, homa, shingo kukaza, sauti kubadilika, kupumua kwa tabu, maumivu ya kifua au ya mgongo katikati ya mabega, uvimbe shingoni, na damu. Hata damu kidogo.

---

Mvuvi_Kojani

Waalaykum salaam. Sista, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini sisi tumezaliwa na samaki, tunaishi na samaki. Marehemu bibi alikuwa akitupa tonge la wali au la muhogo na mwiba unashuka, maisha yanaendelea. Kijiji kizima kinafanya hivyo na watu hawafi. Mkianza kutwambia kila mwiba twende spitali, na huku kwetu nauli tunaijua wenyewe, itakuwa shida.

---

Muuguzi_Kisiwani

Ami yangu, unachosema ni kweli kwa sehemu kubwa, na sitaki watu wa Kojani wajazane kituoni kwa kila mchomo. Miiba mingi midogo hushuka yenyewe, kwa tonge au bila ya tonge. Na mara nyingi mwiba umeshapita kitambo, kilichobaki ni mkwaruzo. Mkwaruzo nao unauma, unaweza kukuhadaa siku nzima ukadhani mwiba bado upo. Ndiyo maana tonge limepata sifa zote hizo: linasifiwa kwa miiba ambayo ingeshuka hata kwa funda la maji. Ile michache iliyozamishwa na tonge, wenyewe hawako kijijini kusimulia siku ile. Wako kwenye boti wanapelekwa Unguja.

Namna ya kupambanua ni hii. Mkwaruzo unauma eneo zima, huwezi kusema hasa wapi, na kila saa zikipita unapungua, unakula na kunywa. Mwiba uliokwama unachoma pahala pamoja, upande mmoja, kila ukimeza, hata mate matupu. Mtu anaweka kidole shingoni anakwambia "hapa". Akionesha juu ya koromeo, mara nyingi yuko sawa. Akionesha chini, karibu na mtulinga au kifuani, hapo mwiba uko kwenye umio na hakuna wa kuuona kwa tochi. Huyo asilale nyumbani, kwani hatari ya umio kutoboka inapanda kila saa zinavyopita, na zaidi ukishavuka saa 24.

Kwa hiyo si kila mwiba, ami. Ni ule unaochoma pahala pamoja na hauondoki, na wowote wenye dalili nilizotaja.

---

Binti_Wete

Naomba niweke ya wifi yangu hapa, mwenyewe ameniruhusu bila ya kumtaja jina.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, futari, mchuzi wa mwatiko. Wanaoujua mwatiko wanajua miiba yake: ile midogo yenye panda, imejificha ndani ya nyama. Mtu mwenye njaa, taa hafifu, watoto wanapiga kelele, akapaliwa. Akapewa tonge, akapewa ndizi mbivu. Mama mkwe akamsomea maji akanywa. Usiku ule hakulala. Asubuhi akaenda spitali moja ambayo sitaitaja, akapigwa picha ya shingo, akaambiwa picha ni safi, hakuna mwiba, akapewa antibayotiki na dawa ya maumivu. Na kweli, siku iliyofuata akasema afadhali. Akafunga.

Baadaye ndipo tulipoanza kuona hayuko sawa. Ukimwita hageuzi shingo, anageuza mwili mzima. Kulala chali hawezi, anakaa kitandani ameegemea ukuta, kidevu amekiinua. Pembeni ana kopo na kitambaa, mate yanamchirizika, hayamezeki hata kidogo. Sauti imekuwa nzito, maneno hayatoki vizuri. Homa kali. Kaka yangu akamchukua na boti ya asubuhi kutoka Mkoani, njia nzima amemshikia kopo.

Unguja wakampiga picha ile kubwa ya sitiskani, wakakuta jipu nyuma ya koo, na mwiba umo ndani yake. Akafanyiwa operesheni usiku ule ule. Walitoa usaha, na mwiba wenyewe tulioneshwa kwenye kichupa: urefu wa ukucha wangu, umepinda kidogo, unapitisha mwanga. Alilishwa kwa mpira wa puani muda mrefu hata koo likapona. Leo mzima, alhamdulillah, ila samaki anachambuliwa na watu wawili kabla hajaletewa.

Ninachouliza: picha ile ya mwanzo ilikuwaje ikawa safi?

---

Muuguzi_Kisiwani

Dada yangu, ahsante, na mpe pole wifi. Swali lako ni zito.

Picha ya kawaida ya eksirei haioni miiba mingi ya samaki. Mwiba una chokaa kidogo, ni mwembamba, na shingoni yapo mifupa na magegedu yanayoufunika. Wa samaki mmoja utaonekana, wa mwengine hauonekani kabisa. Kwa hiyo picha safi haimaanishi koo safi. Sitiskani inaona vizuri zaidi, na mwenye darubini ya kupitisha puani au mdomoni anaweza kuutafuta kwa macho. Picha ya kawaida inasaidia kwa njia nyengine: inaonesha nyama za nyuma ya koo zimevimba, au hewa imeingia pasipopaswa kuwa na hewa. Ukiambiwa picha ni safi na bado unachomwa pahala pale pale, sema hivyo kwa sauti, na rudi kesho yake. Kurudi si kumsumbua daktari.

Yaliyompata wifi yako ndiyo matatizo ya kawaida zaidi: mwiba unatoboa, vijidudu vya mdomoni vinaingia nyuma ya koo, usaha unajikusanya. Jipu lile likikua linabana njia ya hewa. Likiteremka linafuata uwazi uliopo hadi kifuani, karibu na moyo, na usaha ukifika huko hata kwenye spitali kubwa za nchi tajiri watu wanapotea. Mara nyengine umio unatoboka na hewa inavuja chini ya ngozi ya shingo. Ukiibonyeza kwa vidole unasikia inachakarika. Mara nyengine mwiba unatembea. Wameandikwa wagonjwa ambao mwiba ulikutwa ndani ya tezi la shingo, au umetokeza ngozini.

Na lipo la damu, nililoliweka mwisho katika dalili kwa makusudi. Mwaka 1914 Hans Chiari, bingwa wa kuchunguza maradhi katika maiti, alieleza mpango unaojirudia pale kitu chenye ncha kinapotoboa umio na kufika mshipa mkuu: kwanza maumivu ya kifua, kisha damu kidogo ya kutapika, kisha saa au siku za utulivu kabisa, kisha damu nyingi isiyozuilika. Ile damu kidogo ni taarifa. Mtu aliyekula samaki juzi, kifua kikamuuma, leo ametapika damu kijiko kimoja na sasa anasema yuko vizuri, huyo ndiye wa kukimbizwa kuliko wote.

---

Ukhti_Mwanakwerekwe

Uzi umenigusa, lakini mimi nina la pini. Sisi wasichana wa skuli asubuhi tunajifunga mitandio mbele ya kioo, pini mbili tatu tumezibana kwa midomo, mikono miwili yote iko kichwani. Zile zenye kichwa cha ushanga. Darasani kwetu mmoja aliitwa jina akageuka kuitika, akavuta pumzi, pini ikapotea. Alikohoa sana mpaka machozi, halafu akatulia, akasema nadhani nimeimeza. Watu wakamwambia itatoka chooni. Je, ni kweli?

---

Muuguzi_Kisiwani

Mwanangu, pini ya namna hiyo mara nyingi haikumezwa. Imevutwa na pumzi, imekwenda kwenye mapafu. Kile kikohozi kikali ndicho kinachokwambia. Kutulia kwake ni ule ule ukimya ninaoulalamikia: ikishapita kwenye koromeo na kukaa chini, mwili unaizoea. Kichwa cha ushanga ni kizito, hutangulia chini na ncha ikabaki imeelekea juu, kwa hiyo kila akikohoa inaweza kuchoma zaidi. Ikiachwa huja kikohozi kisichoisha, makohozi yenye damu, nimonia inayorudi upande ule ule.

Heri yake ni kuwa chuma kinaonekana kwenye picha ya kawaida bila shaka yoyote. Apigwe picha ya kifua na ya tumbo. Ikiwa tumboni, daktari ataamua kuitoa au kuifuatilia. Ikiwa kwenye mapafu, inatolewa kwa darubini, na kazi hii si ngeni duniani: Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alitoa kipande cha mfupa kwenye njia ya hewa ya mkulima mwaka 1897 kwa bomba lililopitishwa mdomoni. Baada yake akaja Mmarekani Chevalier Jackson, aliyetoa kwenye makoo na mapafu ya watu vitu zaidi ya 2,000, akavihifadhi vyote. Viko kwenye makumbusho ya Mütter huko Philadelphia. Pini ni nyingi humo.

Tafadhali waambie wenzio, na walimu wa kike wawaambie. Pini zichomekwe kwenye kitambaa kilichofungwa mkononi au kwenye kipande cha sponji juu ya meza. Katika nchi nyingi ambako wanawake wanajistiri, madaktari wameandika juu ya pini hizi, na wengi wa wagonjwa ni wasichana wa rika lako.

---

Baba_Fuoni

Mtoto wangu wa miaka mitatu sikukuu iliyopita alimeza sarafu ya shilingi 200, tukaiona baada ya siku mbili. Kwa hiyo sarafu si hatari? Na je, vile vitu vya kuwaka taa wanavyouziwa kwenye viwanja vya sikukuu, ndani mna betri ndogo. Kikimezwa na chenyewe tusubiri?

---

Muuguzi_Kisiwani

Hapana! Hapana, hapana. Hilo la betri lingestahili uzi wake.

Sarafu kwanza. Ikishafika tumboni kwa kawaida hutoka yenyewe. Ikikwama kwenye umio, mtoto anachuruzika mate, anakataa kula, analia akimeza. Huyo apelekwe hapo hapo. Hata asipoonesha dalili, picha ipigwe, maana watoto wengi wenye sarafu kooni wanacheza kama kawaida. Madaktari wanaweza kumtazama kwa saa 12 hadi 24 kama hana dalili, lakini huo ni uamuzi wao, si wetu wa nyumbani.

Betri ya duara, ile ya rimoti, ya saa na ya vitu vya kuchezea vya sikukuu, haisubiriwi hata dakika moja. Ikikwama kwenye umio, mate yanakamilisha mzunguko wa umeme na upande wa hasi unazalisha maji makali ya alkali yanayounguza nyama. Haihitaji kuvuja. Betri iliyochoka ambayo haiwashi tena toi bado ina nguvu ya kuunguza. Hatari zaidi ni ile pana ya milimita 20, ya volti 3, kwa sababu inakwama kwa urahisi kwenye koo la mtoto. Madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa 2. Na yanaendelea hata ikishatolewa: shimo kati ya umio na njia ya hewa, sauti kupotea, mshipa mkubwa kuliwa na kutoa damu siku au wiki baadaye.

Mkiwa njiani, kama mtoto ameshatimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na haijapita saa 12 tangu ameze, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Asali inafunika betri na kupunguza makali yake. Haiitoi. Usichelewe kuondoka kwa ajili ya kutafuta asali, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe. Zaidi ya asali, asile wala asinywe. Asitapishwe. Chukua kasha la betri au kile kitu kilichotoka betri, na ukifika mlangoni usiseme "amemeza kitu", sema "amemeza betri", ili usipangwe foleni. Muombe anayesoma picha aangalie ukingo: betri huonesha duara mbili, moja ndani ya nyengine, sarafu huonesha moja. Hili nalisisitiza kwa sababu betri ikidhaniwa sarafu mtoto anaambiwa asubiri.

Kwa sisi wa Pemba, kama mtoto yuko Micheweni usianze kuwaza Unguja. Anza na spitali iliyo karibu yenye picha, iwe Wete, Chake au Abdulla Mzee pale Mkoani, wathibitishe na wapange wao safari.

---

Mvuvi_Kojani

Sista nimekusoma tena yote. Haya ya betri sikuyajua, na nyumbani rimoti imefungwa kwa uzi kwa sababu kifuniko kimepotea. Leo naifunga kwa gundi ya karatasi.

Na mtoto akipaliwa na njugu, tumpige mgongoni?

---

Muuguzi_Kisiwani

Ami, Mwenyezi Mungu akulipe kwa hilo la rimoti.

Njugu: kama anakohoa kwa nguvu na analia, mwache akohoe, usimpige, usimtie kidole. Kama hatoi sauti, hawezi kuvuta pumzi, midomo inageuka rangi, hapo ndipo. Muinamishe mbele, mapigo 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Ikishindikana, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya kifua, vuta kwa ndani na juu mara 5, rudia. Hii ya tumbo ndiyo aliyoieleza Dakta Heimlich mwaka 1974. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mapigo 5 mgongoni, kisha mgeuze umbonyeze kifua mara 5 kwa vidole viwili. Akizimia, aanze kubonyezwa kifua na watu waite msaada.

Na akipaliwa na njugu halafu akatulia, bado apelekwe. Njugu haionekani kwenye picha. Watoto wengi wanatibiwa pumu miezi kadhaa kumbe njugu iko kwenye pafu moja. Sikiliza kama anakoroma kifua upande mmoja tu, na mwambie daktari siku aliyopaliwa, hata kama ni zamani. Njugu nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 4.

---

Mvuvi_Kojani

La mwisho. Baba yangu ana meno ya bandia, yale ya vipande na vishikizo vya waya. Yamelegea, na analala nayo.

---

Muuguzi_Kisiwani

Ayavue kila anapolala, ami, kuanzia leo, na akayakazishe kwa daktari wa meno. Vishikizo vile vya waya vinashika ukuta wa umio na kuuchana, na mvaaji hasikii vizuri mwiba mdomoni kwa sababu kaakaa limefunikwa. Wazee wenye meno ya bandia wachambuliwe samaki. Na siku yakipotea usingizini, msitafute chini ya kitanda mpaka mchana ilhali anakataa chai. Mpelekeni, na mchukue kipande kilichobaki au picha yake akiwa ameyavaa, kwa sababu ile sehemu ya plastiki haionekani kwenye eksirei na daktari atahitaji kujua anatafuta kitu cha umbo gani na waya uko upande upi.